Usiku Iris Alipomrudishia Barry Msiba Wake

Kwa karibu miaka miwili kulikuwa na neno moja lisilotamkwa nyumbani kwetu Tanga, nalo ni neno marehemu. Wageni waliokuja kumjulia hali mama tuliwawahi mlangoni tukawaomba, kwa sauti ya chini, kwamba wakimtaja baba wamtaje kwa jina lake tupu kama anavyotajwa mtu aliye hai, kwa sababu mama alikuwa hakumbuki tena kwamba mumewe alifariki. Wengi walijitahidi, lakini ulimi una mazoea yake. Mzee mmoja aliyeswali safu moja na baba kwa miaka mingi alikuwa akisimulia habari za mashamba ya mkonge ya zamani, neno likamtoka, na mama akageuka. Hakumtazama yule mzee, alinitazama mimi. Uso ule ulikuwa bado mbele yangu siku nilipoketi kuitazama sehemu ya 21 ya msimu wa tatu wa The Flash, iitwayo "Cause and Effect", na ndiyo sababu siwezi kuizungumzia kama anavyozungumza mtu aliyejipatia burudani ya jioni.

Mpenzi wa tamthilia za mashujaa ni mpwa wangu. Alikuwa amejaziwa msimu mzima kwenye flashi katika kibanda cha muvi cha mtaani, na jioni ambazo zamu ya kukaa na mama ilikuwa yangu tulitazama watatu: yeye na mimi juu ya mkeka, na bibi yake kwenye kiti chake karibu na dirisha, akisinzia na kuamka. Nilitazama kwa ajili ya kijana. Sikutarajia kwamba hadithi ya mtu anayekimbia kuipita sauti ingeligusa jambo ambalo ndugu zangu nami tulikuwa tumeshindwa hata kulizungumza.

Kwa asiyeifahamu, tamthilia hiyo ilianza kurushwa na kituo cha The CW cha Marekani tarehe 7 Oktoba 2014, ikamalizika Mei 2023 baada ya misimu 9. Barry Allen, anayeigizwa na Grant Gustin, ni mtaalamu wa ushahidi wa kisayansi katika polisi wa mji wa kubuni uitwao Central City, na baada ya kupigwa na radi anapata mwendo usio wa binadamu. Hata hivyo, kilichomfanya awe alivyo si radi. Alipokuwa na umri wa miaka 11, mama yake, Nora, aliuawa usiku nyumbani kwao; baba yake, Henry, akafungwa kwa kosa asilolitenda; na mtoto akalelewa na mpelelezi Joe West pamoja na binti yake, Iris, ambaye miaka mingi baadaye anakuwa mchumba wa Barry. Mwishoni mwa msimu wa pili baba naye, akiwa ameshaachiwa huru, anauawa mbele ya macho ya mwanawe.

Msimu wa tatu, ulioanza Oktoba 2016, unafunguliwa na jaribio la kuufuta msiba huo. Barry amerudi nyuma katika wakati, amemzuia muuaji, na anaishi na wazazi wake wote wawili katika ulimwengu uliopinduka kwa sababu ya kitendo hicho. Mimi nilishikwa na jambo dogo katika kisa hicho: kadiri anavyoendelea kukaa katika ulimwengu ule, ndivyo kumbukumbu za maisha yake ya awali zinavyomtoka moja baada ya nyingine, hadi anaingiwa na hofu kwamba atasahau hata alikotoka. Amempata mama na anaipoteza kumbukumbu. Mwishowe anamwomba adui yake mkubwa amrudishe katika usiku ule na kuacha mauaji yatokee kama yalivyotokea. Waandishi waliuweka mzani huo mwanzoni kabisa, kisha, sehemu 20 baadaye, wakaurudisha mbele yetu ukiwa umegeuzwa upande wa pili.

Sehemu ya 21 ilirushwa tarehe 9 Mei 2017. Barry amegundua kwamba Savitar, adui aliyewatesa msimu mzima na ambaye ameshaonekana, katika siku zijazo, akimuua Iris, ni yeye mwenyewe: nakala ya Barry iliyotokana na safari zake za kupita katika wakati. Kwa kuwa Savitar alikuwa Barry, kila mpango unaobuniwa leo kwake ni jambo analolikumbuka tayari. Rafiki zake, Cisco na Julian, wanafikiria njia: wauzuie ubongo wa Barry usihifadhi kumbukumbu mpya kwa muda, ili Savitar asiwe na cha kukumbuka. Kifaa kinawashwa, mambo yanakwenda kombo, na Barry anafumbua macho akiwa hajui hata jina lake. Akiambiwa kwamba anaitwa Bartholomew, anachagua kuitwa Bart. Savitar naye anasahau yeye ni nani, na Wally, kaka mdogo wa Iris, ambaye mbio zake zilitoka kwa Savitar, anazipoteza.

"Mama mkubwa, hii inawezekana?" mpwa wangu aliniuliza, na kwa sauti yake nilijua kwamba alikuwa akimfikiria bibi yake.

Nilimjibu kwamba nusu inawezekana. Wazo la akina Cisco, kabla halijaharibika, lina msingi wake. Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama farasi wa baharini, kiitwacho hipokampasi, na bila hicho yale tunayoyaona leo hayageuki kuwa kumbukumbu ya kesho. Sayansi ilijifunza hilo kwa gharama ya maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ili kumpunguzia kifafa kilichokuwa kimemshinda, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini kuanzia siku ile hadi alipofariki tarehe 2 Desemba 2008, Henry hakuweza tena kuhifadhi habari mpya. Jina lake, wazazi wake na utoto wake aliendelea kuvikumbuka. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, na Henry akawa hodari zaidi siku hadi siku ilhali kila alipoletewa karatasi aliamini kwamba ndiyo mara yake ya kwanza.

Kinachompata Barry katika tamthilia ni kinyume chake: yaliyopita yote yanafutika, jina likiwamo, na mapya anayahifadhi bila taabu. Ubongo ulioumia ni nadra mno kuharibika kwa namna hiyo. Ugonjwa wa usahaulifu alio nao mama una mpangilio mwingine kabisa. Ya jana huondoka kwanza, ya zamani hubaki kwa muda mrefu, na kidogo kidogo mgonjwa huhamia katika miaka ambayo waliokufa walikuwa bado hawajafa. Sitaki kuilaumu tamthilia kwa hilo. Ilitaka kuuliza swali moja, ikajenga ajali ya kuliuliza.

Swali hilo linajitokeza Bart anapoanza kutembea nyumbani. Bart ni mtu mwenye furaha. Anacheka upesi, kila kitu kwake ni kipya, na Gustin anamwigiza kwa wepesi ambao hatujauona kwa Barry kwa muda mrefu. Hajui kwamba aliwahi kuwa na mama akauawa, wala hajui yaliyompata baba yake. Iris anamtazama, na Candice Patton anauigiza mtazamo ule kwa utulivu unaouma: mwanamke aliyekaa na huzuni ya mtu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake anamwona mtu huyo bila huzuni, na moyo wake unavutika kutamani abaki hivyo. Joe ni baba mlezi na anayaona hayohayo. Hakuna anayetamani kwa ubaya. Nami niliielewa tamaa hiyo kuliko nilivyopenda kuielewa, kwa sababu sisi nyumbani tulikuwa tumeshaitekeleza.

Baba alifariki kabla ugonjwa wa mama haujaonekana. Mama alikaa eda yake miezi 4 na siku 10 kwa utaratibu wote, akiwa na akili zake timamu, akizihesabu siku mwenyewe. Miaka mitatu baadaye alianza kuuliza kwa nini baba anachelewa kurudi. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli moja kwa moja, kwa kuwa sikutambua lilikuwa swali la aina gani, na alilia kama mtu aliyepokea habari asubuhi ileile. Katika juma lile tulimwambia mara tatu, na mara zote tatu alifiwa upya. Mdogo wangu, mama wa yule mpwa, akasema yatosha. Tukakubaliana kwamba baba amekwenda Pemba kuangalia shamba la mikarafuu la ndugu zake, na tangu hapo kila tulipoulizwa tulijibu Pemba. Mama aliridhika na alitabasamu. Wakati mwingine alitukumbusha tumwekee chakula.

Katika habari za Henry Molaison kuna jambo nililolishika kama ushahidi wa kwamba tulifanya sawa. Milner ameeleza kwamba Henry alipopewa habari ya kifo cha mjomba wake aliyempenda alihuzunika mno, akasahau, kisha akawa anauliza mara kwa mara ni lini mjomba atakuja kuwatembelea. Na kila alipoambiwa upya alihuzunika vilevile, bila kuzoea. Lakini habari hizo zina upande wa pili ambao nilijaribu kuuruka nikashindwa. Baba yake Henry alifariki katika miaka ya 1960, na Suzanne Corkin, mwanasayansi aliyemfuatilia kwa miongo kadhaa, ameandika kwamba Henry alikuwa na vikaratasi alivyojiandikia mwenyewe, kimoja kikisema kwamba baba amekufa. Ubongo wake ulikuwa umempa ruhusa ya kutolijua jambo hilo, naye akajiandikia ili alijue. Nimekifikiria kikaratasi hicho zaidi ya nilivyofikiria jambo lolote jingine nililosoma kuhusu ugonjwa huu.

Nirudi kwenye tamthilia. Kuna kisa cha mahakamani kinachohusu mchoma majengo aitwaye Coolidge, ambaye anaachiwa huru kwa kuwa Bart anashindwa kutoa ushahidi ambao Barry angeutoa. Kazi yake ni kutupa sababu ya haraka, kwa sababu mtu huyo anakwenda kuwasha moto mwingine na watu wanakwama ndani ya jengo. Yenye uzito zaidi ni nafasi ya Savitar. Yeye naye ni Barry, na tofauti yake na yule tunayempenda haiko katika kiasi cha maumivu. Anasimulia mwenyewe kwamba katika siku zijazo wenzake walimkataa kwa kuwa hakuwa Barry wa asili, akabaki na kumbukumbu zote za mama, za baba na za Iris bila mtu hata mmoja wa kukaa naye ndani ya kumbukumbu hizo. Kwa hiyo katika muda usiofika saa moja tunawaona Barry wawili waliopungukiwa, mmoja ana msiba lakini hana watu, mwingine ana watu lakini hana msiba, na nyumba nzima inamsubiri wa tatu arudi. Sijaona mahali pengine katika misimu yote 9 ambapo tamthilia hiyo ilifikiri kwa makini kiasi hicho.

Mtazamaji anaweza kujiuliza kwa nini arudishwe. Savitar akibaki hana kumbukumbu, huenda Iris akaishi. Killer Frost, ambaye zamani alikuwa rafiki yao Caitlin, anakuja kuomba kumbukumbu zirejeshwe kwa sababu zake mwenyewe, na moto unawaka mjini. Hizo ni sababu za njama ya hadithi. Lakini anayefanya kazi yenyewe ni Iris, na anaifanya akijua kwamba yeye ndiye mwenye cha kupoteza.

Kifaa peke yake hakitoshi. Inatakiwa kumbukumbu moja yenye nguvu itakayozivuta nyingine. Iris ana siku nyingi za kuchagua, zikiwamo za mapenzi yao na za uchumba wao. Anachagua usiku ambao Nora aliuawa na mtoto wa miaka 11 akaletwa kwao. Nililitazama tukio hilo mara mbili jioni ileile, kisha mara ya tatu peke yangu, nikitafuta ni nini hasa kilichonitikisa, na nadhani ni namna ya kusimulia. Iris hampi Barry taarifa. Anamsimulia usiku kama alivyouona yeye aliyekuwamo, akiwa mtoto mwenzake, na anapousimulia anakuwa amerudi ndani yake pamoja naye. Msiba unamfikia Barry ukiwa tayari una mtu wa pili ndani.

Sisi Waswahili tuna maneno mawili kwa mambo haya mawili. Tanzia ni habari. Husomwa redioni, hutumwa kwa simu, humfikia mtu akiwa amesimama barabarani. Matanga ni kukaa. Watu huja, hutandika mikeka, hupika, husimulia marehemu alivyokuwa, na mfiwa hulia akiwa katikati ya watu wanaolijua jina la anayeliliwa. Mara zile tatu tulizomwambia mama ukweli tulimpa tanzia, tukiwa tumesimama, tukiwa na haraka ya kumaliza. Baadaye, kwa kumhurumia, tukamnyima hata hiyo. Matanga hatukumpa, kwa kuwa kwa hesabu zetu yalikwisha miaka mingi iliyopita.

Na huzuni haikuwa imeondoka kwa sababu tulisema Pemba. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha filamu za kuhuzunisha watu ambao hipokampasi zao zimeharibika. Muda mfupi baadaye watu hao walikuwa wamesahau sehemu kubwa ya walichokiona, lakini huzuni yenyewe ilikuwa bado imewakaa. Niliposoma hayo nilizikumbuka jioni za mama, saa ile ya kuelekea Magharibi, anapoinuka na kwenda mlangoni, anarudi, anakunja upindo wa kanga yake, anatutazama kama mtu aliyepotelewa na kitu asichokijua jina. Tulikuwa tukisema kwamba ni ugonjwa. Huenda ni ugonjwa. Lakini inawezekana pia kwamba alikuwa mjane, na hakuwa na mtu wa kuwa mjane mbele yake.

Siwezi kudai kwamba Iris ametupatia dawa. Barry akikumbuka mara moja amekumbuka; anainuka, anakwenda kuzima moto, na usiku ule unabaki kwake. Mama hawezi kuhifadhi. Daktari aliyemwona alitushauri tusimsahihishe kwa nguvu na tusimwingize katika majaribio ya kukumbuka, na ushauri huo naufuata hadi leo. Zipo siku anapouliza akiwa na wasiwasi au amechoka, na siku hizo namshika mkono, nazungumza naye habari za baba akiwa kijana, kisha naacha mazungumzo yaende yanakotaka kwenda. Mdogo wangu bado hakubaliani nami kikamilifu, naye ana haki yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa naye usiku wa ile mara ya tatu.

Jioni moja, siku chache baada ya kuitazama sehemu ile, mama aliuliza. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kufungua kinywa kusema Pemba, akaniangalia, akanyamaza. Nilisogeza kigoda nikaketi karibu na magoti ya mama.

"Mama," nikamwambia, "siku ile mvua ilinyesha sana. Tukaazima turubai kwa majirani."

Alikaa kimya kwa muda mrefu, mkono wake ukiushika upindo wa kanga. Nilidhani hakunisikia, na nilikuwa tayari kuliacha jambo lipite.

"Lilivuja," alisema.

"Lilivuja, mama."

"Upande wa wanaume. Wakahamia barazani kwa jirani." Akatikisa kichwa, kama mwenye nyumba anayesikitika kwamba wageni waliloa. Kisha machozi yakamtoka, polepole, bila kile kilio cha mara zile tatu, na akasema mwenyewe, bila mtu kumtangulia, "Mungu amrehemu."

Tukaitikia amina, mimi na kijana. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akaomba chai ya tangawizi, akaulizia kama mlango wa uani umefungwa.

Kesho yake, saa ileile, akauliza tena baba yuko wapi. Nikakichukua kigoda, nikaketi mahali palepale, nikaanza na mvua.